Mweupe asubuhi, wa njano usiku: kupanga rangi ya taa kwenye chumba cha kazi Kigoma

Ofisi za serikali hufunguliwa saa 1:30 asubuhi, na kwa Kigoma hiyo ni saa ambayo jua limetoka muda si mrefu. Sababu iko kwenye ramani. Saa za Tanzania hufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita baharini, nje kabisa ya pwani yetu, wakati Kigoma iko karibu nyuzi 29.6. Dunia huzunguka nyuzi moja kila dakika 4, kwa hiyo jua la utosi Kigoma hufika karibu saa 7 mchana, si saa 6. Mwezi wa saba jua huchomoza Ujiji kama saa 1 na dakika 10 asubuhi, ilhali Dar es Salaam lilishatoka zaidi ya nusu saa nyuma. Tabora wana nafuu ya dakika 12 au 13 tu.

Hilo linabadilisha mpango mzima wa taa. Mtu anaingia kazini mwili wake ukiwa bado kwenye alfajiri, chumba kina kiza, dirisha halijaanza kusaidia. Saa 9:30 alasiri anapofunga mlango, jua bado liko juu, na taa zinazowaka dari nzima zinakula LUKU bure. Kwa hiyo anayeuliza anunue balbu ya rangi gani hana budi kusema kwanza ataiwasha saa ngapi. Balbu inayofaa saa 2 asubuhi ndiyo ileile inayomkosesha mtu usingizi akiiwasha saa 3 usiku.

Namba ya kusoma kwenye boksi

Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini, na boksi huandika K baada ya namba. Moto wa koroboi uko chini ya 2000 K. Balbu ya zamani ya waya ilikuwa karibu 2700 K, njano kabisa. 3000 K ni njano iliyopauka, 4000 K ni nyeupe isiyoelemea upande wowote, na 6500 K ni nyeupe yenye ubuluu. Namba ikipanda mwanga unazidi kuonekana wa baridi, jambo linalowachanganya wengi. Ukikumbuka kazi ya mhunzi haitakuchanganya: chuma kikianza kupata moto huwa chekundu, kikizidi kinakuwa cha manjano, kikizidi sana kinakuwa cheupe. Kipimo kilitokana na kitu kinachopashwa moto namna hiyo.

Kwenye tyubu utakuta namba ya tarakimu tatu, kama 830, 840 au 865. Tarakimu ya kwanza inaeleza uaminifu wa rangi, yaani mwanga huo unavyoonyesha rangi za vitu ukilinganisha na mwanga wa rejea ambao alama yake ni 100. 8 maana yake ni 80 na kuendelea. Mbili za mwisho ni kelvini: 30 ni 3000 K, 40 ni 4000 K, 65 ni 6500 K. Ukiikosa namba hiyo tafuta herufi CRI au Ra. Balbu isiyoandika kelvini wala uaminifu wa rangi iache dukani, hata kama muuzaji anaapa kwamba ni nyeupe safi. Maneno ya kwenye boksi kila kiwanda kinajitungia, ila namba ina kipimo.

Halafu soma lumeni, usiishie kwenye wati. Wati ni umeme unaoliwa, lumeni ni mwanga unaotoka. LED nzuri ya wati 9 hutoa kama lumeni 800, sawa na balbu ya waya ya wati 60. Ukikuta LED ya wati 9 imeandikwa lumeni 500, wati zimegeuka joto, na joto ndilo linaloua taa mapema.

Ukiomba balbu dukani bila kutaja rangi, mara nyingi utapewa 6500 K. Si hila ya muuzaji. Kwa lumeni zilezile, mwanga wenye ubuluu huonekana mkali zaidi kuliko wa njano, na mteja anayepimia kaunta huchagua uliomkodolea macho.

Jicho lina kazi ya pili

Kwa miaka mingi ilidhaniwa jicho ni la kuona tu. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani, akiwemo David Berson wa Chuo Kikuu cha Brown, walionyesha kwamba kwenye retina kuna seli zinazohisi mwanga bila kazi yake kuu kuwa ya kujenga picha. Zina kemikali iitwayo melanopsini, inayoshtuka zaidi kwa mwanga wa samawati wa karibu nanometa 480. Taarifa yake inakwenda kwenye saa ya mwili ndani ya ubongo. Samawati ikiwa nyingi, ubongo unaelewa kwamba ni mchana, unazuia melatonini, homoni ya usiku, na mtu anachangamka. Ikipungua, usingizi unaruhusiwa kuja.

Balbu ya LED ni ya samawati tangu kuzaliwa. Ndani yake kuna kijipande kinachotoa mwanga wa buluu, juu yake kimepakwa unga wa manjano unaogeuza sehemu ya buluu hiyo kuwa rangi nyingine. Unga ukiwa kidogo inatoka 6500 K, ukiwa mwingi inatoka 2700 K. Ndiyo maana, kwa luksi zilezile (luksi moja ni lumeni moja iliyoangukia mita moja ya mraba), LED ya 6500 K huichochea saa ya mwili karibu mara mbili ya ile ya 2700 K.

Watu wa Kigoma hawahitaji kushawishiwa sana kwamba mwanga usiku una nguvu juu ya kiumbe. Dagaa wa Ziwa Tanganyika wanavuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikishakuwa pevu mitumbwi inapumzika kwa sababu taa ya mvuvi haiwavuti tena. Mbalamwezi pevu ni sehemu ya luksi moja tu.

Mwaka 2022 kundi la wanasayansi wa fani hii lilitoa mapendekezo ya kiasi, yakipimwa kwenye jicho na si juu ya meza, na kwa kipimo kinachohesabu sehemu ya mwanga inayoigusa melanopsini: mchana isipungue 250, katika saa tatu za mwisho kabla ya kulala isizidi 10, wakati wa kulala isizidi 1. Ukigeuza kwa balbu za kawaida, mchana unahitaji karibu luksi 280 usoni kwa taa za 6500 K, au karibu 400 kwa 4000 K. Jioni, kwa balbu ya 2700 K, usoni pasizidi luksi 20 na kitu.

Je, rangi peke yake inaongeza kazi? Jibu la kweli ni kwamba inasaidia, lakini kwa kiasi. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2008 uliweka taa za 17,000 K kwenye ofisi nchini Uingereza na kuzilinganisha na za 4000 K. Wafanyakazi walisema wako macho zaidi, wanafanya kazi vizuri zaidi na wanalala vizuri zaidi. Lakini ni wao wenyewe waliosema. Kiasi cha mwanga na saa ya kuupata vina uzito zaidi ya rangi, na rangi ikipangwa vizuri juu ya kiasi kibovu haifanyi kitu. Mtu aliyesinzia baada ya wali wa mchana atafaidi zaidi dakika 10 chini ya mwembe nje, penye luksi elfu kadhaa hata kivulini, kuliko kubadilishiwa balbu.

Kiasi kabla ya rangi

Chukua chumba cha mita 4 kwa 5. Kusoma na kuandika kunahitaji karibu luksi 500 juu ya meza, ambacho ndicho kiwango cha Ulaya kwa ofisi. Ushonaji unahitaji 750, korido 100. Kuwasha chumba kizima kwa luksi 500 ni gharama isiyo na sababu. Jaza chumba luksi 200, kisha ongeza taa ya mezani pale penye kazi.

Hesabu ni hii: luksi unazotaka, zidisha kwa eneo, gawanya kwa 0.4. Hiyo 0.4 imetokana na mambo mawili. Karibu nusu ya mwanga hupotea kwenye dari, kuta na samani, na katika ile nusu iliyobaki, sehemu moja ya tano itakuja kupotea kwa vumbi na uzee wa taa. Kwa chumba chetu: 200 × 20 ni 4,000, ukigawanya kwa 0.4 unapata lumeni 10,000. Tyubu ya LED ya futi 4, wati 18, hutoa kama lumeni 1,800. Zinahitajika sita, jumla wati 108, na zikiwaka saa tatu za asubuhi zinakula theluthi ya uniti.

Hesabu hiyo imechukulia kuta nyeupe. Kuta za ofisi nyingi zetu zimepakwa rangi ya mafuta nusu ya chini, ya kijani kibichi, ya buluu au kahawia, ili zisionyeshe uchafu. Nusu hiyo inameza mwanga mwingi, na kilichobaki kinarudi kikiwa na rangi yake. Ukuta wa krimu hufanya 4000 K ionekane ya njano zaidi. Kama huwezi kupaka upya, gawanya kwa 0.3 badala ya 0.4 na ukubali kununua tyubu nane. Kupaka chokaa dari na robo ya juu ya ukuta mara nyingi ni rahisi kuliko tyubu mbili za ziada.

Taa ya mezani iwe na kofia nyeupe kwa ndani, balbu ya wati 9, ikae sentimita 50 hadi 60 juu ya karatasi, upande wa kushoto kwa anayeandika kwa mkono wa kulia. Hapo inaongeza luksi 300 au zaidi. Kofia ishuke mpaka chini ya usawa wa macho ya aliyekaa. Ukiiona balbu yenyewe, imekaa juu mno.

Ili kupima, simu inatosha. Pakua programu ya kupima luksi, laza simu juu ya meza kioo kikitazama dari, rudi nyuma hatua moja ili kivuli chako kisiingie. Kitambuzi cha mwanga kiko upande wa juu wa kioo, kwa hiyo kava lisikizibe. Kosa la simu linaweza kufika robo au zaidi, lakini kwa kulinganisha meza na meza simu inafaa sana. Kisha isimamishe simu usawa wa uso wa aliyekaa, kioo kikitazama mbele. Namba hiyo ya pili ndiyo inayohusu uchangamfu, na ndiyo wengi wasioipima.

Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo lawama yetu kwa spotilaiti za jipsamu. Zinapendeza, lakini zinamwaga mwanga sakafuni kama ndoo. Meza inaweza kusoma luksi 400 na uso 80. Tyubu zilizo wazi, au paneli zenye plastiki nyeupe kama maziwa, husambaza mwanga mpaka ukutani, na ukuta ndio unaolilisha jicho la mtu aliyekaa akitazama mbele. Kama jipsamu imeshafungwa, ongeza tyubu mbili ukutani, mita 2 kutoka sakafuni, zikitazama juu.

Mpange anayetumia kompyuta dirisha likiwa ubavuni. Kigoma mji umeelekea ziwa, na ziwa liko magharibi: kuanzia saa 10 jua huingia mara mbili, moja kutoka angani na moja limedunda majini. Dirisha hilo likiwa nyuma ya mtu kioo hakisomeki, likiwa mbele yake macho yanachoka. Hakuna rangi ya balbu itakayotibu hilo. Weka pazia jepesi jeupe.

Njia mbili, swichi mbili

Chumba kinachofungwa kabla ya magharibi kinahitaji rangi moja tu. Weka 4000 K kama watu wanalalamikia ubaridi, 5000 hadi 6500 K kama chumba hakina dirisha la maana. Mwaka 1941 Kruithof, Mholanzi aliyefanya kazi Philips, alionyesha kwa mchoro kwamba mwanga mweupe wa buluu ukiwa hafifu huonekana wa majonzi, na wa njano ukiwa mwingi mno huonekana wa uongo. Tafiti za baadaye hazikuukubali mchoro wake wote, lakini sehemu ya kwanza kila mtu ameiona: chumba chenye balbu moja ya 6500 K dari nzima kinafanana na mochwari. Ukitaka nyeupe, iwe ya kutosha.

Chumba cha mchana na usiku ni habari nyingine: duka la stationari, ofisi ya uchapishaji, sebule anakosomea mtoto wa kidato cha nne. Hapo funga njia mbili.

1. Njia ya kwanza ibebe tyubu sita za dari, 840 au 865, zote za namba moja na kiwanda kimoja.
2. Njia ya pili ibebe balbu nne za 3000 K za wati 5 au 7, kwenye kuta au pembe za dari. Taa za mezani nazo ziwe 3000 K, kwenye soketi.
3. Zote zitoke kwenye swichi moja yenye vitufe viwili karibu na mlango. Waya wa milimita za mraba 1.5 unatosha, na breka ya ampea 6 au 10.
4. Swichi ikate waya wa moto, si nyutro. Taa za LED zinazobaki na mwanga hafifu baada ya kuzimwa ni dalili kubwa kwamba fundi ameikatia nyutro, na anayebadilisha balbu hiyo anashika waya wenye moto akidhani amezima. Swichi yenye kitaa kidogo cha kuonyesha nayo huleta dalili hiyohiyo, ila hiyo haina hatari kubwa.
5. Kazi hii mpe fundi mwenye leseni ya EWURA.

Kama fremu za zamani za fluresenti bado zipo, zinaweza kubeba tyubu za LED, lakini toa stata (kile kikopo kidogo cha kuwashia) na upitishe waya kando ya choki (kifaa kinachodhibiti umeme wa tyubu ya zamani). Ukiacha choki ya chuma, baadhi ya tyubu zitawaka, zikivuma na kula wati za bure. Ukiacha choki ya kielektroniki, nyingi zitakufa. Soma mchoro uliobandikwa kwenye tyubu: zipo zinazopokea waya wa moto na nyutro upande mmoja, na zipo zinazopokea moto upande huu na nyutro upande ule. Kuzichanganya ndiko kunakopiga shoti siku ya kwanza. Tyubu za zamani usizivunje, zina zebaki.

Chagua taa zinazoandika voti 85 hadi 265, au angalau 170 hadi 265. Zilizoandikwa 220 hadi 240 tu hazivumilii umeme ukishuka jioni watu wote wanapowasha.

Saa kwa saa

Asubuhi washa njia ya kwanza yote mara tu mnapoingia, hata kama dirisha linaonekana kuwa na mwanga. Acha mpaka saa 4. Wakati wa kiangazi, kuanzia hapo dirisha la kaskazini au kusini linatosha kwa meza zilizo ndani ya mita 3. Masika, mawingu yakifunga, taa zibaki.

Mchana zizime. Alasiri iache kwa jua.

Magharibi ikiingia, na kazi inaendelea, zima nyeupe na uwashe njano. Anayelala saa 4 usiku aanze saa 1, na hiyo Kigoma inaangukia karibu kabisa na machweo, kwa hiyo hakuna haja ya kuangalia saa: adhana ya magharibi inatosha. Kwa mwanafunzi, siri iko kwenye kofia ya taa. Karatasi inaweza kupata luksi 400 za 3000 K na uso wake ukapata 20, kwa sababu mwanga umemwagwa chini. Yule anayesoma chini ya balbu ya wazi ya 6500 K anapata mwanga kidogo kwenye daftari na mwingi machoni, halafu saa 5 anajigeuza kitandani na kesho yake anasinzia kwenye hisabati. Simu na kompyuta nazo ziwekwe hali ya usiku na mwangaza upunguzwe. Kupunguza mwangaza kunasaidia kuliko kubadili rangi peke yake.

Wa zamu ya usiku, kama muuguzi au mwendesha mtambo, hupanga kinyume: nyeupe nyingi nusu ya kwanza ya zamu, kupunguza saa mbili za mwisho, na miwani ya jua njiani kurudi nyumbani ili asubuhi isimwamshe tena.

Mfanyakazi mwenye umri mkubwa aongezewe taa ya mezani kwanza, kabla ya kumsikiliza anayesema macho yake ni ya kuvaa miwani tu. Jicho la miaka 60 hupitisha karibu theluthi ya mwanga unaopita kwenye jicho la miaka 20, na lenzi yake imeingia unjano, kwa hiyo buluu ndiyo inayopungua zaidi.

Taa za mkanda nyekundu, kijani na zambarau ni za saluni na baa. Nyekundu haisumbui sana usingizi, lakini kusoma ndani yake ni adhabu.

Kazi za kutambua rangi

Fundi cherehani ana shida ya peke yake. Uzi na kitenge vinaweza kuwiana kabisa chini ya taa, kisha mteja akatoka nje na mshono ukaonekana kama umechorwa. Rangi mbili zilizotengenezwa kwa dawa tofauti hukubaliana chini ya mwanga mmoja na kukataana chini ya mwingine. LED za bei ndogo zina upungufu wa wekundu, hivyo nyekundu inasogea kwenye kahawia na kijani cheusi kinafanana na nyeusi. Dawa ni taa yenye uaminifu wa rangi 90 au zaidi, 4000 hadi 5000 K, moja tu, juu ya meza ya kukatia. Taa za chumba zibaki 80. Ukiikosa Kigoma, linganisha uzi mlangoni mchana, andika namba ya uzi, kisha ushone usiku.

Mnunuzi wa dagaa wakavu pale Kibirizi naye aepuke taa ya njano. Dagaa waliokaa huanza kuingia unjano, na balbu ya 2700 K inaufuta unjano huo kabisa. Mbele ya jua, au chini ya 6500 K, wanajionyesha.

Yanayoharibika

Kupepesa ndiko kunakoumiza kichwa zaidi, na watu huisingizia rangi. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa yenye sakiti duni hufifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde. Huoni, lakini macho na ubongo vinafanya kazi ya ziada. Washa kamera ya simu, isogeze karibu na taa: mistari myeusi mipana inayotembea kwenye kioo ni taa mbovu. Au tikisa kalamu haraka mbele yake. Ikionekana vipande vipande badala ya ukungu, rudisha taa hiyo. Karakana yenye msumeno wa duara isitumie taa ya namna hiyo hata siku moja, maana gurudumu linalozunguka linaweza kuonekana limesimama. Kwa taa iliyokuwa nzima na sasa inapepesa, kapasita ndani yake imechoka kwa joto, mara nyingi kwa kufungwa kwenye kofia isiyopitisha hewa.

Kuchanganya 3000 na 6500 juu ya meza moja kunafanya karatasi ileile ionekane chafu upande mmoja na ya buluu upande mwingine. Taa moja ikifa, usichomeke yoyote iliyopo. Nunua mbili za akiba siku ileile ya kwanza, kwa sababu 6500 K ya kiwanda hiki si 6500 K ya kile.

Vumbi jekundu la kiangazi hufunika tyubu polepole mpaka watu wanazoea kiza. Futa kila mwezi kwa kitambaa kikavu, umeme ukiwa umezimwa. Mvua za kwanza zikileta kumbikumbi, mwanga mweupe unawavuta kuliko wa njano. Taa ya kibarazani ikiwa ya 2700 K wengi watabaki nje, isipokuwa kama nia yako ni kuwakaanga.

Na balbu za rangi tatu, zile za kuzima na kuwasha haraka ili zibadilike kutoka nyeupe kwenda njano, zinaonekana kuwa jibu la kila kitu. Zina kasoro moja kubwa kwetu: umeme ukikatika kwa nukta moja na kurudi, zinadhani umebonyeza swichi, na chumba chenye sita kinaweza kubaki na tatu nyeupe, mbili za njano na moja ya katikati. Nyingi hujirekebisha ukizizima zote na kusubiri sekunde 10 hadi 15 kabla ya kuwasha. Zitumie kwenye taa ya mezani, iliyo peke yake. Kwenye dari baki na njia mbili.